Kilomita Tisa za Madam Eufrasia

Mwalimu Eufrasia alikuwa na uzi wake. Ulikuwa uzi mweupe wa kushonea, na aliutunza ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka lililokwisha siku nyingi. Kwa uzi huo alikuwa amefundisha kwa miaka kumi na tisa, katika shule moja ya sekondari pale Rusimbi, namna ya kupima urefu wa njia kwenye ramani. Unaulaza uzi juu ya njia, unafuata kila kona, huvuti wala huruki. Ukifika mwisho unatia alama ya kalamu, halafu unaunyoosha juu ya rula na kusoma sentimita. Baada ya hapo unatazama skeli iliyoandikwa juu ya karatasi. Moja kwa elfu hamsini maana yake sentimita mbili ni kilomita moja. "Skeli haina mjadala," alipenda kuwaambia wanafunzi, na katika mitihani yote aliyowahi kusahihisha hakukutana na swali ambalo skeli yake ilikuwa na mjadala.

Basi klabu ya jiografia ya kidato cha tatu ilipotaka safari ya miguu, yeye ndiye aliyechora njia. Wangeanzia Kalalangabo, wafuate vilima vya kando ya ziwa kuelekea kaskazini, washukie kwenye mwalo mdogo wa wavuvi uitwao Kisenyi, kusikofika gari. Huko boti ingewachukua kuwarudisha mjini. Simu za wanafunzi hazikuruhusiwa, ila ramani ya karatasi na akili, na hilo pia lilikuwa wazo lake. Alipima kwa uzi mara tatu, na mara zote tatu ikatoka sentimita kumi na nane. Kilomita tisa. Watoto wa miaka kumi na sita, hata wakitambaa, wangefika saa saba mchana.

Mwalimu Adolf, wa michezo, ambaye ndiye angewaongoza, aliuliza.

"Madam, una uhakika na hizo tisa? Nina mjomba anafuata dagaa Kisenyi kwa miguu. Anasema ukitoka Kalalangabo alfajiri, unafika jua limelala."

"Mjomba wako anabeba mzigo," Eufrasia akamjibu, "na anasimama kusalimia kila ndugu aliyenaye njiani. Ramani haisimami kusalimia."

Ofisi nzima ya walimu ikacheka. Ijumaa Adolf akauliza tena, kwa sauti ya chini na kwa adabu, na safari hii Eufrasia alikasirika. Akamwambia kila mtu abaki na somo lake, yeye apime mpira. Diana, binti wa Eufrasia, alikuwa mlangoni na rundo la madaftari mikononi. Alikuwa mmoja wa wanafunzi kumi na mmoja wa safari, na shuleni alimwita mama yake Madam kama wenzake, lakini alipomwona Adolf amenyamaza aliinamisha uso kuficha tabasamu. Alipenda sana mama yake alipokuwa sahihi, na kwa Diana mama yake alikuwa sahihi siku zote.

Jumamosi saa moja asubuhi gari liliwashusha Kalalangabo. Kila mmoja alikuwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu na chapati mbili. Samson, mwenye boti, alikuwa ameshasema neno lake: angewasubiri Kisenyi hadi saa kumi tu, kwa sababu ulikuwa wakati wa giza la mwezi na jioni vijana wake walikuwa wanakwenda kuvua dagaa. Eufrasia mwenyewe alibaki, maana alikuwa na kipindi cha ziada cha kidato cha pili, na goti lake la kushoto lilikuwa halitaki vilima.

Kipindi kilikuwa cha kusoma ramani. Akaibandika ubaoni kopi yake ya ramani ileile ya safari, akachukua rula, akawauliza wanafunzi arobaini na kitu waliokuwa wanapigana na usingizi.

"Haya. Mistari hii ya gridi inatengeneza visanduku. Kila kisanduku, upande mmoja ni kilomita moja. Skeli ni moja kwa elfu hamsini. Nikiweka rula hapa itasoma sentimita ngapi?"

"Mbili," darasa likaitikia.

Akaweka rula. Ilisoma sentimita moja.

Akaisogeza kwenye kisanduku cha pili, moja. Cha tatu, moja. Darasa lilikuwa linangoja kusifiwa. Eufrasia alibaki amewapa mgongo, rula mkononi, na aliposikia mtu wa mbele anauliza kama jibu ni mbili au siyo mbili, hakuweza kugeuka.

Alikumbuka vizuri sana. Ramani yenyewe ilikuwa ya Mzee Gervasi wa Ujiji, aliyefanya kazi ya upimaji ardhi hadi kustaafu, karatasi kubwa ya kufunika meza, na mzee alimpa saa moja tu akaitoe kopi airudishe. Kwenye duka la fotokopi yule kijana alimwambia, "Karatasi yangu kubwa mwisho ni hii, Madam, labda niibane iingie yote." Naye akajibu, "Bana." Alisema kwa kinywa chake mwenyewe. Kijana akaibana nusu kwa nusu, akakata pembeni ili ipendeze, ule mstari wa kupimia wa chini ukaenda na takataka, na juu yakabaki maandishi yaleyale: moja kwa elfu hamsini. Mtu aliyesomesha watu ramani miaka kumi na tisa akaenda nyumbani, akatoa uzi wake, akayaamini maandishi.

Hazikuwa kilomita tisa. Zilikuwa kumi na nane.

"Someni kimya," akasema, na sauti yake ikatoka ya mtu mwingine. Akabandua ramani, akatoka.

Ilikuwa saa tano kasoro. Nje alisimama kwenye jua akipiga simu ya Adolf, haipatikani. Akapiga ya Samson, haipatikani. Nyuma ya vile vilima mtandao haushiki, alijua, na bado alipiga mara sita. Kichwani hesabu ilikuwa inajifanya yenyewe bila kuombwa. Kilomita kumi na nane za kupanda na kushuka si safari ya kumaliza saa saba, wala saa kumi. Maji yao yangeisha adhuhuri. Boti ingeondoka hawajafika. Na kati ya kilima cha tatu na Kisenyi njia ilipita ubavuni mwa jabali, upana wa mtu mmoja, ziwa likiwa chini kabisa. Alikuwa amewaambia wapite pale saa sita mchana, wakiwa na nguvu zao, na sasa wangepafikia jua likizama, wamechoka, pengine wakikimbia. Mwaka juzi mama mmoja mchuuzi wa dagaa aliteleza pale, akaokotwa kesho yake.

Alimpigia mkuu wa shule. Alitaka kusema, nimekosea. Alisema, "Nina wasiwasi kidogo na muda wa safari, nafikiri niende Kibirizi niongee na Samson." Mkuu akamwambia asijisumbue bure, Adolf ni mtu mzima. Eufrasia akakata simu. Alijiona anaona aibu huku mtoto wake yuko mlimani, akajichukia, lakini aibu haikuondoka.

Bodaboda ilimfikisha Kibirizi, mwalo wa boti wa mjini. Samson alikuwa ameshang'oa nanga tangu saa tatu, kuna abiria aliokuwa anawashusha vijiji vya juu, kaskazini, kabla ya kupitia Kisenyi. Na hapo ndipo Eufrasia alipoona ubaya wa saa sita mchana katika mwalo wa dagaa. Boti zilikuwa zimejaa ufukoni, zimepangana, lakini hakukuwa na mtu. Watu wanaovua usiku kucha hulala mchana. Mashine zimefungiwa ghalani, funguo ziko mifukoni mwa waliolala, na waliolala wametawanyika mitaani. Wanawake walikuwa wanageuza dagaa kwenye vichanja na kumtazama mwalimu aliyevaa sketi ya kazini akikimbia huku na huku mchangani. Walimpa pole bila kujua ya nini.

Aliyekuwa macho ni mmoja tu, Hatungimana, mtu wa makamo aliyeletwa nchini na wazazi wake kutoka Burundi akiwa mgongoni. Alikuwa amekaa kivulini na mashine yake ya boti imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia.

"Mwiriwe, Mama Mwalimu," akamsalimu kwa Kirundi, kama alivyomsalimu kila mtu baada ya asubuhi.

"Nahitaji kwenda Kisenyi. Sasa hivi. Kuna wanafunzi huko."

"Ego, tutakwenda. Hii mashine ina kiburi tu, plagi inanisumbua. Ni sasa hivi."

Sasa hivi ya Hatungimana ilikula saa mbili na nusu. Eufrasia alikaa juu ya kreti akimtazama anasugua, anapuliza, anafunga, anavuta kamba, mashine inakohoa na kuzima, anafungua tena. Mara mbili aliinuka akaenda kutafuta mtu mwingine, mara mbili akarudi peke yake. Kuna wakati alijikuta anasali huku anahesabu, Baba Yetu na kilomita kwa pamoja, hadi hakujua tena yuko wapi kwenye sala wala kwenye hesabu. Mashine ilipowaka ilikuwa saa tisa kasoro robo.

Ziwa lilikuwa limeanza kuchafuka. Boti ilikuwa nyembamba na kila wimbi lilimwagia Eufrasia maji magotini, naye hakuyasikia. Aliyakodolea macho majabali ya upande wa kulia akitafuta rangi ya bluu, rangi ya nguo za michezo za shule. Aliona mbuzi. Aliona moshi wa mtu anayechoma majani. Vilima viliendelea kuja, kimoja baada ya kingine, na kwa mara ya kwanza aliona ukubwa wa kitu alichokuwa amekipitia na uzi mezani kwake, akinywa chai.

Walipokuwa wameshavuka zaidi ya nusu ya mwendo, boti ya Samson ilitokea mbele yao. Ilikuwa tupu. Samson akapunguza mwendo, boti zikasogeleana.

"Shikamoo, Madam. Nimewasubiri mpaka saa kumi na dakika kumi. Nimeita, nimepiga madebe, hakuna mtu. Nikasema watakuwa wamerudi walikotoka."

"Marahaba. Watakuwa wamechelewa kidogo tu," Eufrasia akasema.

"Kwa hiyo ni salama?"

Yule mtu alikuwa na boti kubwa, mashine nzima na vijana wawili wenye nguvu. Alikuwa anauliza kwa moyo safi. Neno moja la kweli lingemgeuza. Eufrasia alifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Ni salama. Mimi nawafuata." Samson akainua mkono, akaongeza moto, na boti yake ikawa inakwenda zake Kibirizi kuwahi dagaa. Ilipokuwa mbali mno kusikia, Eufrasia alisimama katikati ya boti akaita jina lake. Hatungimana akamwambia akae, boti itapinduka.

"Mama Mwalimu," Hatungimana akasema, "mimi siyo msomi. Lakini hao watoto hawajachelewa kidogo."

"Hapana."

"Basi nielekeze. Kuna ghuba moja hapa mbele, inaingia ndani sana. Halafu kuna Kisenyi yenyewe. Nikiingia ghuba na wasiwemo, nitafika Kisenyi gizani, na kule pana mawe. Nikienda Kisenyi kwanza, siwezi kurudi ghuba leo. Tuanze wapi?"

Eufrasia alitoa kopi ya ramani, akatoa kopo, akatoa uzi. Akailaza ramani juu ya paja, akaikandamiza kwa kiwiko. Kisanduku kimoja, sentimita moja, kilomita moja. Walianza saa moja asubuhi, sasa ni saa kumi na nusu. Toa saa moja na nusu ya kupumzika. Vilima hivi, jua lile, watoto wale, haizidi kilomita moja na robo tatu kwa saa. Alifuata njia kwa uzi uliolowa, kona kwa kona, na boti ikimrusha akaanza upya, mara nne. Sentimita kumi na nne ziliishia juu ya ghuba.

Hakuuamini mkono wake. Alitazama alama ile ya kidole akatamani mtu mwingine yeyote duniani awe ndiye aliyeipima. Ikiwa amekosea tena, Diana na wenzake wanalala Kisenyi bila chakula au wako juu ya jabali gizani, na yeye anazunguka kwenye ghuba tupu.

"Ghuba," akasema.

Hatungimana akageuza usukani bila kuuliza. Ghuba ilikuwa na kivuli tayari. Waliingia polepole, na Eufrasia alikuwa ameuma kidole chake hadi kikatoka damu alipoona bluu mchangani. Walikuwa wamelala chini, wamekaa, wamejiegemeza kwenye magogo. Alianza kuwahesabu kabla boti haijagusa. Wanafunzi kumi. Akahesabu tena. Kumi, na Adolf.

Akarukia majini na viatu. Adolf alimjia, midomo imepasuka, shati limechanika begani. Msichana mmoja, Wema, alikuwa anatapika nyuma ya jiwe na mwenzake amemshika kichwa.

"Diana yuko wapi?"

"Ametangulia, Madam. Wema alishindwa kutembea, ikabidi tushuke huku kwenye maji. Diana ndiye alikuwa anapima njia yote. Kila alipopima akasema tumechelewa, sisi ndio wazembe, vipimo viko sawa. Tulipokuwa pale juu akapima akasema zimebaki kilomita mbili tu, atakimbia akaizuie boti. Niliiangalia ramani mwenyewe. Zilikuwa mbili. Nikamruhusu." Adolf alinyooshea kidole kilima. "Ilikuwa saa tisa na nusu. Hamjakutana naye kwenye boti ya Samson?"

"Ni nne, Adolf," Eufrasia akasema. "Siyo mbili. Zote ni mara mbili. Tisa zilikuwa kumi na nane. Nilitoa kopi iliyobanwa, nikasoma skeli ya zamani."

Wanafunzi wote walikuwa wanasikia. Adolf aligeuka kutazama vilima. Hakusema la mjomba wake, na Eufrasia aliona ingekuwa nafuu angetukanwa.

"Njia ya jabali iko huko mbele," ndilo alilosema Adolf mwishowe. "Nendeni."

Hatungimana aliwaachia dumu lake la maji na mkate, akasukuma boti. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Walikwenda karibu na mawe kadiri walivyoweza, mashine ikiwa imepunguzwa sauti, ili waweze kusikia. Eufrasia aliita. Jabali lilimrudishia jina la mtoto wake, halafu kikawa kimya na sauti ya maji. Aliita tena. Juu kabisa njia ilionekana kama mstari mwembamba ubavuni, na mahali fulani mvua za wiki ile zilikuwa zimeung'oa mstari, pamebaki udongo mwekundu unaomwagika hadi ziwani. Alitazama chini ya ule udongo, pale ulipoishia majini. Hakutaka kutazama na alitazama, jiwe kwa jiwe. Alikuwa anaongea na Mungu kwa Kiha cha nyumbani kwao, maneno ambayo hakuwa ameyatumia tangu bibi yake afariki.

"Kuna kitu," Hatungimana akasema.

Ilikuwa bluu. Ilikuwa hatua chache kutoka pale palipomomoka, chini kidogo ya njia, imebanwa kati ya mwamba na mti mdogo. Haikuwa inatikisika.

Hatungimana aliigongesha boti kwenye mawe, akamshika mkono, akamsukuma juu. Yeye asingeweza kuiacha boti na mawimbi yale. Eufrasia akapanda peke yake. Goti lilipokataa alipanda kwa mikono. Udongo ulimtoroka chini ya vidole, kokoto zilishuka zikagonga maji, naye hakugeuka kuangalia umbali. Hakuwa anaita tena. Aliogopa kuita asijibiwe. Alijiambia bluu ile ni koti tu, mtoto amelitupa kwa joto, halafu akaona kiatu, na ndani ya kiatu kulikuwa na mguu.

"Diana."

Kichwa kikainuka. Uso ulikuwa na vumbi jekundu, machozi yamechora mistari miwili. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba kikapita kiatu.

"Mama," Diana akasema. Kisha, kabla Eufrasia hajamgusa, akaanza kusema haraka haraka, kwa sauti iliyokauka. "Mama samahani. Nimeharibu. Nilihesabu hatua ulivyotufundisha. Hatua elfu moja mia tano kilomita moja. Nilifika elfu tatu, sikuona Kisenyi. Nikafika elfu tatu mia nane. Nikajua nimepotea, nimepita njia ya kushukia, nikageuka kuitafuta, ndiyo nikaanguka. Boti imepita huko chini, nimeita, hawakusikia. Nimewakosesha wenzangu boti. Mwambie Mwalimu Adolf siyo yeye, ni mimi. Nilipima vibaya."

Eufrasia alikuwa amepiga magoti kwenye udongo. Mtoto alikuwa hai. Mtoto alikuwa kwenye njia sawasawa, akiielekea Kisenyi bila kukosea hata kona moja, na kilichomgeuza kurudi kwenye udongo uliomomoka ilikuwa namba. Kwa saa nzima alikuwa amekaa pale na maumivu akijihukumu, kwa sababu katika vyote alivyoweza kuvitilia shaka, miguu yake, macho yake, akili yake, namba ya mama yake haikuwemo.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kumwambia haya, tutaongea nyumbani. Lile wazo lilipita na akaliona likipita.

"Hukupotea," akasema. "Ulikuwa njiani. Kisenyi bado iko mbele huko. Hatua zako ziko sawa, Diana. Zilibaki kilomita nne. Mimi ndiye niliyekosea, tangu mwanzo. Safari yote ilikuwa kumi na nane."

Diana alimtazama kama hajasikia.

"Lakini ulipima."

"Nilipima."

"Mara tatu. Niliona."

"Mara tatu, kwenye ramani isiyo na kipimo chake. Mwalimu Adolf aliniuliza, nikamcheka."

Upepo ulikuwa unavuma na jua limekaa juu ya milima ya Kongo, kubwa, karibu kugusa. Chini Hatungimana aliita kwamba boti inagonga, wafanye haraka. Eufrasia alifungua kitambaa chake cha kichwani, akakifunga kifundo cha mguu kwa nguvu, akauvuta mkono wa binti yake ukapita shingoni kwake.

"Tunashuka kwa matako, taratibu," akamwambia. "Mimi nitakuwa chini yako. Mguu mzima uweke hapa, kwenye hili jiwe. Ni imara, nimelipanda sasa hivi."

Diana aliunyoosha mguu mzima hadi juu ya jiwe. Hakukanyaga. Alilisukuma kwanza kwa kisigino, mara moja, mara mbili, akalisikiliza, na liliponyamaza ndipo akaweka uzito wake.

Kwenye jiwe la pili alifanya hivyohivyo, na la tatu. Mwanga ulikuwa unapungua na Hatungimana alikuwa anaita. Eufrasia hakumhimiza. Alishika kifundo cha mtoto wake, akaonyesha jiwe lililofuata, akangoja.